Fahamu kazi ya mhandisi wa mifumo ya setilaiti

Mhandisi wa mifumo ya setilaiti ni mtaalamu anayehakikisha kuwa sehemu zote za chombo, yaani betri, paneli za sola, kompyuta, redio, antena na kamera, zinafanya kazi kwa pamoja. Jukumu hilo ni zito, kwa kuwa setilaiti ndogo ikishaachiwa angani haiwezi kurudishwa karakana. Kwa sababu hiyo hujaribiwa mapema katika mtikisiko, joto, baridi na mahali pasipo hewa.

Mfano wa karibu kwa wakazi wa Mbuba na maeneo mengine ya Ngara na Biharamulo ni Uganda, nchi inayopakana na Mkoa wa Kagera. Mwaka 2020 Serikali ya nchi hiyo iliteua wahandisi watatu, akiwemo Bonny Omara aliyewaongoza wenzake, kusoma katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani. Huko walisanifu, wakaunda na kuijaribu PearlAfricaSat-1, setilaiti yenye umbo la mchemraba wa sentimita 10 kila upande. Ilirushwa kutoka Virginia, Marekani, Novemba 7, 2022 na kuachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga Desemba 2, 2022. Kamera yake ilikusudiwa kupiga picha za ardhi kwa manufaa ya kilimo, misitu na maji.

Setilaiti za aina hiyo hudumu kwa muda mfupi, kisha hushuka na kuungua. Kinachobaki kwa Taifa ni ujuzi wa wataalamu wake. Kwa mwanafunzi wa sekondari anayeitamani kazi hii, msingi ni Fizikia na Hisabati, kisha shahada ya uhandisi wa umeme, elektroniki, mawasiliano au kompyuta.