Dora Jacobsohn, mkimbizi aliyefuatilia njia ya ubongo na uzazi

Leo nawaletea mwanamke ambaye sikumkuta kwenye kitabu chochote cha biolojia cha sekondari. Dora Jacobsohn alizaliwa Berlin, Ujerumani, mwaka 1908, akasomea udaktari. Alikuwa Myahudi. Mwaka 1933 Hitler akashika madaraka, na Mayahudi wakaanza kufukuzwa kwenye hospitali na vyuo vikuu. Yaani umesoma miaka yote hiyo, halafu unaambiwa huna nafasi kwa sababu ya ukoo wako. Hapa kwetu hilo halihitaji maelezo.

Mwaka 1934 akakimbilia Lund, Sweden. Lugha mpya, watu wapya. Akaingia maabara na kufanya kazi na Axel Westman, daktari wa magonjwa ya akina mama.

Swali lao lilikuwa hili. Chini ya ubongo kuna kitezi kidogo kama punje ya haragwe, kinaitwa pituitari. Ilishajulikana kwamba homoni zake ndizo zinazoamsha ovari, kwa hiyo watu wakakiona ndicho bosi wa mwili. Sasa, bosi huyo anapewa amri na nani? Angalia sungura: jike huachia mayai baada ya kupandwa na dume. Ovari imejuaje? Lazima habari ipitie kwenye ubongo. Lakini ukichunguza, sehemu ya mbele ya kitezi hicho karibu haina neva zinazotoka ubongoni. Kuna kikonyo chembamba tu chenye vishipa vya damu.

Watafiti wakawa wanakata hicho kikonyo kwa wanyama. Majibu yakagongana: mnyama mmoja uzazi unasimama, mwingine unarudi kama kawaida. Mwingereza Geoffrey Harris akaonyesha sababu: vile vishipa vikikatwa huweza kuota tena!

Mwaka 1952 Jacobsohn na Harris wakatoa jaribio ambalo mimi nalipenda sana. Waliwatoa panya jike pituitari, kisha wakawapandikizia nyingine. Kwa baadhi waliiweka palepale chini ya haipothalamasi, ile sehemu ya ubongo iliyo juu ya kitezi. Kwa wengine waliiweka pembeni, bado chini ya ubongo. Wa kwanza mzunguko wao ulirudi, na wengine wakabeba mimba na kuzaa. Wa pembeni, kitezi kiko hai, damu inapita, lakini kimya. Tofauti ni milimita chache tu. Kumbe ujumbe wa ubongo husafiri ndani ya damu ya vile vishipa, na kitezi kisipokuwa mahali pake hakiupati.

Nimeandika hii kwa ajili ya wadada zetu pia. Msichana akikosa hedhi miezi miwili mitatu, huku kambini maneno yanaanza: eti ana mimba, eti amerogwa. Mimba inawezekana, ndiyo, na magonjwa mengine pia. Lakini njaa, kukonda sana, hofu na mawazo mazito huweza kufanya haipothalamasi ipunguze ujumbe wake, na hedhi ikasimama bila msichana kufanya kosa lolote. Aende kituo cha afya apimwe, asikilizwe. Mnaofanya kazi na mashirika, mkimuuliza, muulizeni pia amekula nini wiki hii, na kama analala.

Jacobsohn alipata shahada ya udaktari wa falsafa Lund mwaka 1948, miaka kumi na minne baada ya kukimbia, na mwaka 1964 akaitwa profesa. Ujumbe wenyewe, homoni ya asidi amino kumi, ulitambuliwa mwaka 1971 na kundi la Andrew Schally, likitumia bongo za nguruwe kwa maelfu mengi. Schally naye alikimbia Poland mwaka 1939 akiwa mtoto. Yeye na mshindani wake Roger Guillemin wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Harris alikuwa ameshafariki. Jacobsohn alikuwa hai bado, hakuwemo. Alifariki mwaka 1983.