Usanii kwa Maana Zote Mbili

Kiswahili cha Tanzania kina neno linaloweza kukusifu na kukutukana bila kubadilisha hata herufi. Mwambie mchoraji kwamba kazi yake ni usanii, atakushukuru. Mwambie hivyo hivyo fundi aliyekula advansi ya kabati na mpaka leo kabati hulioni, mtatafutana. Maana ya kwanza imo kwenye kamusi. Ya pili imekulia mitaani na kwenye majukwaa ya siasa, na siku hizi ndiyo inayosikika zaidi. Kuna filamu moja inayolienea neno hili pande zote mbili, nayo haina Mswahili hata mmoja ndani yake: The Blair Witch Project.

Picha linaanza hivi. Wanafunzi watatu wa filamu wanaingia msituni, jimbo la Maryland nchini Marekani, kutafuta habari za mchawi anayesimuliwa na wakazi wa Burkittsville. Wanapotea. Mwaka mmoja baadaye mikanda yao inaokotwa, na tunachotazama kwa dakika 81 ndiyo hiyo mikanda. Waongozaji, Daniel Myrick na Eduardo Sánchez, walipiga picha hizo kwa siku 8 tu, Oktoba 1997, kwa fedha ambazo kwa kawaida hukadiriwa kuwa kati ya dola 35,000 na 60,000. Januari 1999 filamu ilionyeshwa kwenye tamasha la Sundance, kampuni ya Artisan ikainunua kwa dola milioni 1.1, na mpaka inaondolewa kwenye majumba ya sinema duniani ilikuwa imeingiza karibu dola milioni 248.

Wahakiki walipagawa. Roger Ebert, mhakiki maarufu wa Chicago, aliipa nyota zote 4. Lakini CinemaScore, kampuni inayowahoji watazamaji wakiwa ndiyo kwanza wanatoka ukumbini, ilipata kwao alama ya C+. Shuleni C+ si haba. Kwa kipimo kile ni karibu na kufeli, maana mtu aliyelipa kiingilio na kuchagua mwenyewe filamu ya kuona huwa na huruma na uamuzi wake.

Aina hii ya filamu, inayojifanya kuwa mikanda iliyookotwa, haina jina la Kiswahili lililozoeleka, na hapo ndipo ugomvi wa watazamaji unapoanza. Mtu akijua jina la kitu anachokwenda kuona anajua pia adai nini. Ningependekeza tuseme mkanda wa kuokota. Neno mkanda limezeeka, vijana hawajawahi kuushika, lakini bado tunaambiana "nipe mkanda mzima" tukitaka kisa chote. Na kitu cha kuokota, kama mtoto wa kuokotwa, huja bila mwenyewe wa kumuuliza maswali. Anayelipia mkanda wa kuokota hategemei picha iliyonyooka wala sauti safi. Kamera ya The Blair Witch Project ilitikisika mpaka baadhi ya watu wakapata kichefuchefu, na kumbi nyingine zikabandika tahadhari. Kwa aliyeelewa kwamba kamera imebebwa na mtu anayekimbia gizani, mtikisiko ule ulikuwa sehemu ya habari. Kwa asiyeelewa, ulikuwa ni mpigapicha asiyejua kazi.

Jina ambalo tayari tunalo, filamu huru, halisaidii sana hapa. Kenya wanamwita mgombea asiye na chama mgombea huru, Tanzania tukamwita mgombea binafsi. Kwa bahati nzuri kwenye sinema sote tumefuata njia ya Kenya, maana filamu binafsi ingekuwa ile ya harusi ya shangazi. Lakini huru inakueleza nani alilipa. Haikuelezi utaona nini. Ndivyo ilivyo na bajeti ndogo pia, ambayo mtazamaji wetu huisikia kama kuombwa radhi kabla ya kosa.

Turudi kwenye usanii. Kabla filamu haijatoka, watengenezaji walifungua tovuti yenye historia ndefu ya mchawi huyo, ambayo walikuwa wameitunga wenyewe. Yakasambazwa matangazo ya watu waliopotea, yakiwa na sura za wale waigizaji watatu. Waigizaji walitumia majina yao halisi: Heather Donahue, Joshua Leonard, Michael Williams. Hata hifadhidata kubwa ya filamu kwenye intaneti iliwaandika kuwa wamepotea na inadhaniwa wamekufa. Mama yake Donahue alipokea kadi za pole, na binti yake yuko hai.

Hapo watazamaji waligawanyika. Kundi la kwanza liliingia likiamini, likatoka likitetemeka. Kundi la pili liligundua baadaye, likasema kile ambacho kijana wa Kariakoo angesema: tumepigwa. Kundi la tatu lilijua tangu mlangoni kwamba yote ni ya kutunga, likawa linatazama namna kazi ilivyofanywa. Filamu ni ile ile. Tofauti yao inafanana na ile ya mazingaombwe na utapeli. Kwenye mazingaombwe umelipa ili udanganywe na unampigia makofi anayekudanganya. Kwenye utapeli hukuambiwa kwamba umelipa. Matangazo ya filamu hii hayakusema wazi yako upande gani, na ukimya huo ndio uliojaza kumbi. Kwa hiyo aliyeiita usanii akimaanisha ufundi alikuwa sahihi, na aliyeiita usanii akimaanisha changa la macho naye alikuwa na haki yake. Mimi niko upande wa mafundi, lakini ile kadi ya pole kwa mama wa mtu inanikwamisha kidogo.

Malalamiko ya pili yalikuwa kwamba haitishi. Neno hili nalo limepata maisha mapya. Zamani kinachotisha unakikimbia. Siku hizi ukiimba vizuri unaambiwa umetisha. Nimekuwa nikijiuliza mtu wetu anayesema "ile filamu haikutisha" anakataa lipi kati ya hayo mawili. Mara nyingi yote. Katika kibanda umiza, pale kwenye mabenchi yaliyobanana na sauti ya mtafsiri ikifunika ya waigizaji, swali la kwanza ni "steringi nani?", la pili ni "adui yuko wapi?" Filamu hii haina steringi. Adui haonekani hata mara moja. Kinachoonekana ni mafungu ya mawe nje ya hema, na vijiti vilivyofungwa kwa umbo la mtu, vikining'inia kwenye miti. Aliyezoea kwamba hofu ina sura na meno atakwambia kwa dhati kabisa kwamba hakuna kilichotokea.

Halafu kuna mwisho wake. Heather na Mike wanaifuata sauti ya mwenzao wa tatu, Joshua, hadi kwenye nyumba iliyotelekezwa usiku. Mike anatangulia chini. Heather anashuka akipiga mayowe, kamera inamulika chumba cha chini, na pale kwenye kona Mike amesimama, uso umeuelekea ukuta, hageuki. Kamera inaanguka. Basi. Aliyesikiliza vizuri mwanzoni anakumbuka mkazi mmoja akisimulia juu ya muuaji wa watoto aliyekuwa akimsimamisha mmoja kwenye kona wakati anamuua mwingine, na damu inamganda. Asiyesikiliza anamgeukia jirani: imeisha? Huyo anasema imetuacha hewani, nasi tunamwelewa, maana katika masimulizi yetu anayeanzisha hadithi ana deni la kuifunga. Watengenezaji walilijua tatizo hilo. Watazamaji wa majaribio walichanganyikiwa, waongozaji wakarudi Maryland kupiga miisho mingine minne, kisha wakaamua kubaki na ule wa kwanza na kuongeza tu mahojiano ya kuufafanua. Nadhani walifanya vyema. Kuachwa hewani ni kero ukiwa unasubiri jibu. Ukiwa unasubiri hofu, hewani ndipo penyewe.

Neno lililoniweka macho zaidi ni kuigiza. Mwaka 2000 filamu hii ilipata tuzo ya Independent Spirit ya filamu bora ya kwanza iliyotengenezwa kwa chini ya dola 500,000. Mwaka huo huo Donahue alipewa Razzie, tuzo ya kejeli, kwa kuwa mwigizaji mbaya kuliko wote wa kike. Sasa angalia kazi ilivyofanyika. Watatu wale walibeba kamera wenyewe na kutunga maneno yao papo hapo. Kila siku waliachiwa maelekezo mafupi kwenye vikopo vya filamu, kila mmoja ya kwake, asijue mwenzake kaambiwa nini. Chakula kilipunguzwa siku hadi siku. Usiku waongozaji walikuja kulitikisa hema na kupiga sauti za watoto zilizorekodiwa. Kuigiza kunatoka kwenye kuiga, na wasanii wetu wa Bongo muvi husifiana kwa kusema fulani amevaa uhusika. Donahue hakuwa na uhusika wa kuvaa. Alipewa jina lake mwenyewe, njaa yake mwenyewe na usingizi wake mwenyewe ulioibwa, kisha waliokerwa na mayowe yake wakasema hajui kuigiza.

Aprili 2024 wote watatu walijitokeza hadharani kudai malipo zaidi kutoka kwa Lionsgate, kampuni inayoimiliki filamu hiyo sasa. Wakati huo Donahue alikuwa amekwisha kubadilisha jina lake kisheria, anaitwa Rei Hance.