Askari Aliyekataa Umalkia

Katika sataranji, askari akifika mstari wa mwisho hugeuka kete nyingine, na mkono huenda wenyewe kwenye malkia. Anayechagua kete nyingine huonekana kama mtu aliyepewa ng'ombe akaomba mbuzi. Mwaka 1895, huko Glasgow, Uskoti, padri mmoja wa Kihispania aliomba mbuzi.

Kisa kilianza na msiba. Machi mwaka huo alifariki William Norwood Potter, mchezaji mashuhuri wa London. Georges Emile Barbier, Mfaransa aliyeandika safu ya sataranji katika gazeti la Glasgow Weekly Citizen, akataka kumuenzi. Tarehe 27 Aprili akachapa fumbo lililotokana na mchezo wa mwaka 1875 kati ya Potter na Fenton, ambao wenyewe walimaliza kwa sare. Kumbukumbu ilimchezea Barbier, kete hazikukaa palepale zilipokuwa, ila kiini kilibaki: huku mfalme mweusi na ngome, kule mfalme mweupe na askari mmoja aliyebakiza hatua moja tu.

Ngome ina nguvu kuliko askari, hilo halina ubishi. Lakini ngome ambayo mfalme wake yuko mbali hulazimika kumkimbiza askari peke yake, na mara nyingi huchelewa. Kazi ya mwenye askari ni kumtembeza mfalme wake kwa uangalifu. Kila ngome inapomtishia, anashuka nyumba moja, akikwepa ile ambayo ingeipa ngome nafasi ya kuzunguka na kumdaka askari kwa nyuma.

Barbier hakuishia hapo. Alimsogeza mfalme mweusi hadi pembeni kabisa, nyumba ya a1, akatangaza kwamba sasa Mweusi anaponea kwenye sare. Hila yenyewe ni tamu. Ngome inajipanga ili malkia mpya akizaliwa tu, ijitupe mbele ya mfalme mweupe na kumtishia. Malkia hana budi kuila, na akishaila, mfalme mweusi kule kwenye kona hatishiwi na yeyote, wala hana nyumba ya kukanyaga. Kwa kanuni, hiyo ni sare.

Ndipo akatokea Padri Fernando Saavedra, aliyekuwa akiishi Glasgow. Hakuwa mchezaji wa kutisha. Kwa viwango vya klabu alikuwa wa kawaida tu. Akauliza: kwani lazima awe malkia? Askari na ageuke ngome. Ngome haipigi kwa mshazari, kwa hiyo hila ya kujitoa mhanga inakufa: mfalme mweusi sasa ana pa kupumulia, na sare haipo. Papo hapo Mweupe anatishia kumfunga kwenye ule mstari wa pembeni. Mweusi ana kinga moja, kuleta ngome yake a4. Mfalme mweupe anapanda b3, na hatua hiyo moja inabeba vitisho viwili: kuila ngome, au kushusha ngome yake hadi c1 na kumaliza mchezo. Mweusi hawezi kuzuia vyote.

Tarehe 18 Mei Barbier aliwaeleza wasomaji wake kwamba padri amemsahihisha. Miaka michache baadaye Emanuel Lasker, bingwa wa dunia, alimrudisha askari nyuma nyumba moja, na hivyo ndivyo fumbo linavyofundishwa hadi leo.

Katika sataranji ya zamani ya Waarabu, iliyotuachia jina la mchezo huu, fumbo hili lisingewezekana kabisa. Huko askari hakuchagua: aligeuka firzani, kete dhaifu iliyosogea nyumba moja tu kwa mshazari.

Saavedra alifariki mwaka 1922. Hakuna jambo jingine la sataranji analokumbukiwa, lakini vitabuni fumbo lile lina jina lake. Potter, ambaye fumbo lilichapwa kwa heshima yake, hutajwa kwa kupita tu.