Nani Alipe Mtoto Akizaliwa Amechoka?

Mwera, kusini ya Mto Pangani, mama akirudi na mtoto ambaye hakulia alipozaliwa, majirani humliwaza kwa maneno ambayo pwani nzima inayajua: kazi ya Mungu haina makosa. Sina ugomvi na imani hiyo. Ugomvi wangu ni na wale wanaoitumia kumnyamazisha mzazi anayeuliza mbona alikaa na uchungu usiku kucha bila kupimwa.

Sheria ya Kiislamu yenyewe haikuishia kwenye kadari. Wanawake wawili wa kabila la Hudhayl waligombana. Mmoja akamrushia mwenzake jiwe, mama akafa pamoja na kilichokuwa tumboni. Mtume (S.A.W.) aliihukumia mimba ile fidia iitwayo ghurra, ambayo mafakihi waliikadiria kuwa ngamia 5, yaani sehemu ya 20 ya diya (fidia ya damu) ya ngamia 100. Diya ya mama akawatwisha jamaa wa aliyerusha jiwe. Mtoto akizaliwa hai kisha ikaonekana ameumizwa, hesabu inapanda: mkono ukifa ni nusu ya diya, akili ikipotea ni diya nzima.

Na tabibu je? Ibn Rushd, ambaye alikuwa kadhi na daktari kwa pamoja, anaeleza katika Bidayat al-Mujtahid kuwa asiyeijua kazi hana pa kujitetea: analipa. Mjuzi aliyeteleza bila kukusudia, wapo wanaomsamehe, lakini walio wengi wanasema diya ipo, na inabebwa na jamaa zake, akila. Kosa la mmoja likawa deni la wengi. Ukiniuliza, hapo ndipo penye busara kubwa kuliko hata hesabu ya ngamia, maana mkunga mmoja wa zamu ya usiku hata akiuza nyumba hawezi kumlea mtoto wa watu maisha yake yote.

Ila kadhi wa leo Tanzania hana mamlaka hayo. Kazi yake ni ndoa, talaka, mirathi na wakfu. Familia ya Mwera inaangukia kwenye sheria ya Kiingereza, ile iliyopokelewa Tanganyika kwa kipimo cha tarehe 22 Julai 1920. Sheria hii swali lake la kwanza ni nani mwenye hatia. Mdai athibitishe kwamba mhudumu alikuwa na wajibu, kwamba alizembea, na kwamba uzembe huo ndio uliomdhuru mtoto. Hili la mwisho ndilo linaloangusha kesi. Mtindio wa ubongo, ulemavu unaoweza kumpata mtoto aliyezaliwa amechoka, unaweza pia kuletwa na maambukizi ya mimba, kuzaliwa njiti au manjano kali ya mtoto mchanga, na wakili wa upande wa pili atayataja yote. Ataongeza kivuko: kama mama alipewa rufaa akachelewa kuvuka Bweni kwenda Pangani mjini, nani alizembea hapo?

Hata Waingereza wenyewe wanachelewa. Katika kesi ya Montgomery, mama mwenye kisukari na umbo dogo hakuambiwa kwamba mabega ya mtoto yangeweza kukwama. Yakakwama. Alijifungua mwaka 1999. Mahakama ya Juu ikampa haki mwaka 2015, kwa fidia ya pauni milioni 5.25.

Kenya imeonyesha mlango mwingine. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma ilimpa shilingi milioni 2.5 mama aliyejifungulia sakafuni na kupigwa na wauguzi. Alidai kwa Katiba, kuwa utu wake ulivunjwa, hivyo hakulazimika kubishana na madaktari juu ya ubongo wa mtoto.

Anayetaka kudai hapa kwetu ajue njia ilivyo. Zahanati, kituo cha afya au hospitali ya halmashauri ni Serikali: kwanza notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali, kisha kesi Mahakama Kuu, Tanga, na Mwanasheria Mkuu akiunganishwa. Madai ya madhara ya namna hii yana ukomo wa miaka 3. Kwa mtoto, muda hauanzi kuhesabiwa mpaka atimize miaka 18, na kabla ya hapo mzazi anaweza kumdaia kwa niaba yake, kama rafiki wa karibu kwa lugha ya sheria. Baraza la Madaktari na Baraza la Uuguzi na Ukunga yanaweza kumwadhibu mhusika hata kumfutia usajili, lakini fidia hayatoi. Asiye na pesa ya wakili aanzie kwa wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017.

Ajabu ni kwamba fikra ya akila imekwenda kuishi Japani. Tangu Januari 2009, mtoto akipata mtindio wa ubongo kutokana na uzazi na akatimiza masharti, analipwa jumla ya yeni milioni 30: milioni 6 mwanzoni, zilizobaki kidogo kidogo kwa miaka 20. Hakuna anayelazimika kumtia mtu hatiani kwanza. Mchango unatoka kwenye kila uzazi, na wataalamu wanachunguza chanzo, ripoti inawafikia wazazi na hospitali pia. Huko nesi hana sababu kubwa ya kuficha faili.

Mfuko wa namna hiyo Tanzania tungeuweza, na katika nchi ambayo waumini wengi wanaijua diya, sioni nani angeuona mgeni. Wabunge wa Tanga waanze kuudai. Mpaka hapo, mzazi, kadi ya kliniki usiitupe, omba kwa maandishi nakala ya faili na ya chati ya uchungu, na andika jina la kila aliyekuwa zamu kabla hujasahau.