Umeme wa Jinja, makaa ya Kisugu

MTANGAZAJI: Leo tuko Kisugu, mtaa wa Kampala chini ya kilima cha Muyenga. Nyaya za umeme zinapita juu. Chini sigiri zinawaka makaa. Ilikuwaje?

Mwaka 1954 Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza alifungua bwawa la Owen Falls, Jinja. Umeme wa maji, usio na moshi! Lakini serikali ya kikoloni iliutaka kwa viwanda: kuyeyusha shaba ya Kilembe, kufuma nguo. Sehemu ikauzwa Kenya. Jiko la mtu wa kawaida halikuwemo.

Miaka 70 baadaye likafunguliwa bwawa la Karuma, megawati 600. Bei nafuu ya kupikia nayo iliwekwa, ila inaanza baada ya uniti 80 kwa mwezi. Mpangaji wa chumba kimoja, mwenye taa na simu tu, atazifikia lini? Makaa anayapata kwa kopo.

Mwaka 2023 Rais Museveni alipiga marufuku biashara ya makaa kaskazini, ambako wenyeji walilalamika miti yao inakwisha. Walikuwa na haki. Lakini gunia likipanda bei, anayelipa ni mpangaji yuleyule wa Kisugu.