Pumzi Iliyopimwa: Historia ya Kumwachisha Mgonjwa Mashine ya Kupumulia

Mwezi Agosti 1952, mlipuko wa polio ulipoulemea mji wa Copenhagen nchini Denmark, hospitali ya Blegdam ilikuwa imekwisha kupoteza wagonjwa 27 kati ya 31 waliotibiwa kwa mashine za wakati huo, ambazo zilikivuta kifua kutoka nje. Daktari wa usingizi Bjørn Ibsen alishauri wagonjwa watobolewe koo na kuingizwa mrija ili hewa isukumwe moja kwa moja mapafuni, na kwa kuwa mashine za kazi hiyo hazikuwapo za kutosha, wanafunzi wa udaktari walipokezana usiku na mchana kuminya mifuko ya hewa kwa mikono. Vifo vilipungua sana, na kutokana na utaratibu huo vikachipuka vyumba vya wagonjwa mahututi.

Mgonjwa wa polio, hata hivyo, alipungukiwa zaidi na nguvu za misuli ya kupumulia, ilhali mwenye ugonjwa sugu wa mapafu huwa na njia za hewa zilizobana, hewa ikanaswa ndani, na kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, kikalazimika kufanya kazi kikiwa kimesukumwa chini na kupoteza nguvu. Akicheleweshwa kwenye mashine, hatari ya nimonia na ya kudhoofika misuli huongezeka. Akiharakishwa, huenda akarudishiwa mrija akiwa hoi kuliko awali.

Mwaka 1991 Karl Yang na Martin Tobin walichapisha nchini Marekani kipimo kilichohitaji dakika moja tu: mgonjwa hutolewa kwenye mashine, pumzi zake zikahesabiwa, kisha idadi hiyo ikagawanywa kwa ujazo wa pumzi moja kwa lita. Anayevuta pumzi 24 za lita 0.4 hupata 60, na anayehema mara 40 kwa pumzi fupi za lita 0.25 hupata 160. Waliozidi 105 kwa kawaida walishindwa kujitegemea. Miaka minne baadaye Andrés Esteban na wenzake nchini Hispania walionyesha kwamba kumjaribu mgonjwa apumue mwenyewe mara moja kwa siku kulimwachisha mashine mapema takriban mara tatu kuliko njia ya kupunguza kidogo kidogo pumzi zinazotolewa na mashine, na mwaka 1999 wakathibitisha kuwa jaribio la dakika 30 latosha sawa na la saa mbili.

Kukadiria uhai kulibaki kugumu zaidi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2007, uliohusu wagonjwa 832 wa ugonjwa sugu wa mapafu au pumu waliolazwa katika vyumba vya mahututi na vya uangalizi wa karibu, uligundua kwamba madaktari walitarajia asilimia 49 wawe hai baada ya siku 180, kumbe waliopona kifo walikuwa asilimia 62. Na katika kundi walilolikatia tamaa zaidi, ambalo walilikadiria asilimia 10, walioishi walifika asilimia 40. Kosa hilo ni zito, kwa sababu makadirio hayo ndiyo huamua nani apewe kitanda na nani anyimwe, na aliyenyimwa hapati tena nafasi ya kuonyesha kwamba daktari alikosea. Kwa hiyo fundisho kubwa la historia hii ni kwamba mgonjwa wa mapafu apewe kwanza fursa ya kujaribiwa, tena kila siku, kabla ya dhana ya anayemtibu kugeuzwa hukumu.