Nani Amlipe Mtafiti wa Ujasiriamali?

Richard Cantillon, Mwairishi aliyetajirika kwa kazi ya benki jijini Paris, aliandika juu ya mjasiriamali bila kumwomba mtu ufadhili. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1755, zaidi ya miaka 20 baada ya kifo chake. Hata Joseph Schumpeter alipomweka mjasiriamali katikati ya mabadiliko ya uchumi, mwaka 1911, suala hilo lilikuwa bado fikra za mwanauchumi mmoja mmoja.

Mambo yalibadilika Harvard mwaka 1948. Mwanahistoria wa uchumi Arthur Cole alipata fedha za taasisi ya Rockefeller, akafungua kituo cha utafiti wa historia ya ujasiriamali. Schumpeter mwenyewe alishiriki hadi alipofariki mwaka 1950. Vijana kama Alfred Chandler na David Landes walikaa meza moja na wanasosholojia na wanahistoria, wakibishana juu ya watu waliojenga viwanda na reli. Mwaka 1958 kituo kikafungwa. Chandler na Landes waling'ara, lakini katika historia ya biashara na ya uchumi. Utafiti wa ujasiriamali ulibaki bila warithi. Naiona hasara hiyo kuwa kubwa kuliko inavyosemwa.

Uhai wa utafiti huo ulirudi baada ya David Birch wa chuo cha MIT kutoa ripoti mwaka 1979, akidai kwamba ajira nyingi mpya Marekani zilitoka katika kampuni ndogo. Wanasiasa walisikia. Majarida yakafuata, na baadaye taasisi iliyoachwa na Ewing Kauffman, tajiri wa dawa wa Kansas City, ikaanza kuwapa wanafunzi wa uzamivu dola 20,000 kila mmoja wamalizie tasnifu. Sweden ilishika njia nyingine: huko mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida huajiriwa na chuo, akalipwa mshahara.

Na kwetu? Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya iliufanya ulimwengu uwatazame mafundi wa jua kali, yaani wa sekta isiyo rasmi. Peter Marris na Anthony Somerset walikuwa wameshatoa kitabu juu ya wafanyabiashara Waafrika wa Kenya mwaka 1971. Kenneth King akaandika juu ya mafundi mwaka 1977. Wote walikuwa wageni.

Leo vyuo vyetu, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia (JKUAT) kikiwa kimojawapo, vinatoa uzamivu wa ujasiriamali. Lakini wengi wa wanaosoma wana kazi ya mchana na karo ya kujilipia. Hapo ndipo dodoso la wiki chache linapochukua nafasi ya utafiti wa miaka. Nani atamfuatilia fundi wa soko la Gikomba, Nairobi, tangu mkopo wa kwanza hadi mwanawe arithi karakana? Mabenki yanayomkopesha na serikali inayomtoza kodi vinahitaji jibu. Vianze kwa kumlipa mtafiti mmoja karo, posho na nauli kwa miaka minne.